Mwongozo kamili: jinsi ya kuwafikisha kina mama wa kartie kwenye kipimo cha kansa ya shingo ya kizazi

Hapa Lubumbashi, malalamiko kutoka Katuba, Ruashi na kule pembeni Kasungami yanafanana. Tangazo lilisomwa kanisani, bango likafungwa mbele ya kituo cha afya, shefu wa kartie (mtaa) akapita na megafoni. Watu wakaitikia amina. Siku ikafika, nesi akakaa na chupa yake ya siki ya kupimia mpaka saa nane mchana, na waliokuja walikuwa wake wa wauguzi pamoja na mama wawili watatu wa kwaya wanaokaa jirani na kituo.

Halafu tunasema kina mama wetu hawajali afya yao. Mimi sikubali. Mama anayebeba gunia la makala (makaa) kutoka Kasungami hadi sokoni hashindwi na safari ya kituo. Anachokataa ni kwenda mahali ambapo hajui ataulizwa nini, atalipa nini, na akikutwa na ubaya nani atamsaidia. Ndiyo maana mwongozo huu unaenda kinyumenyume: tunaanza na jibu baya, tunarudi taratibu mpaka mlangoni kwa mama.

Umeandikwa kwa wahamasishaji wa afya wa kartie (mareko), viongozi wa vikundi vya kina mama, na manesi wa vituo vidogo vya Lubumbashi. Wa Likasi au Kipushi wataweza kuutumia bila kubadili kitu kikubwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaye (daftari) moja nene yenye jalada gumu. Moja tu. Kaye mbili huzaa orodha mbili, na majina yanapotea katikati.
- Vikaratasi vya mwaliko vyenye tarehe, saa na namba. Neno kansa lisiwemo, wala jina la kipimo. Kikaratasi kitalala mezani na jirani atakisoma.
- Spekulamu moja mpya ya plastiki, yaani kile kifaa cha kufungulia uke, kwa ajili ya kuonyesha tu. Iombe kituoni.
- Vikwembe vitatu au vinne safi vya kujifunika wakati wa kupimwa.
- Fedha kidogo ya usafiri kwa wanaokaa mbali, na zaidi kwa watakaopelekwa hospitali.
- Yuniti za simu.
- Bei zote zimeandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi na nesi mkuu wa kituo. Hii usiikose hata kama mengine yamekosekana.

Siki, glavu, taa na pamba ni kazi ya kituo, lakini nenda ukavione kwa macho yako siku tatu kabla. Taa isiyo na betri imeshafunga zoezi zima.

## Hatua ya 1: Tafuta kwanza mahali pa jibu baya

Kabla hujamwambia mama yeyote neno lolote, kaa na nesi mkuu umuulize maswali haya na uandike majibu.

Akionekana na alama, yaani sehemu iliyoanza kuharibika, atatibiwa hapa hapa au atapelekwa? Kituo kina mashine ya kuunguza kwa joto au ya kugandisha kwa baridi? Kama haina, ni kituo gani kinayo, siku gani, kwa faranga ngapi? Na kama nesi akiona kitu kinachofanana na kansa yenyewe, anampeleka wapi: hospitali ya Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu, au kwingine? Kuna mtu huko wa kumpigia simu kwa jina, ili mama asifike langoni akaanza kuzungushwa?

Sababu ya hatua hii ni ya kibinadamu kabisa. Mama mmoja akiambiwa "una alama, nenda hospitali", akaenda, akakuta bei isiyomwezekana, akarudi nyumbani kulia, habari yake itafika parseli (viwanja vya nyumba) zote kabla ya jua kuzama. Mwaka unaofuata hutampata hata jirani yake.

Jirani zetu wa Zambia waliliona hili mapema. Walipoanza Lusaka mwaka 2006, manesi walipima kwa siki na kutibu kwa baridi siku hiyo hiyo, chumba kile kile, kwa wale ambao alama zao zilifaa kutibiwa hivyo. Mama aliingia mara moja akatoka amemaliza. Ukiweza kupanga siku yako ilingane na siku mashine ipo, umeshashinda nusu ya kazi.

Sasa bei. Neno "bure" lina hila. Kuna kituo kimoja, sitakitaja, kilitangaza kipimo bure halafu mezani kina mama wakaombwa fedha ya fishi (karatasi ya mgonjwa) na ya glavu. Walioombwa waligeuka mlangoni, na waliokuwa njiani wakageuzwa na wao. Uliza juu ya fishi, glavu, dawa na matibabu, kimoja kimoja. Kama kitu kinalipwa, sema kiasi chake wazi tangu mwanzo. Kina mama wetu hawaogopi bei kama wanavyoogopa kushtukizwa.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema bila kutazama karatasi: "Ukikutwa na alama utaenda pale, siku hii, utalipa hivi, na mimi nitakuwa na wewe."

## Hatua ya 2: Jifunze kipimo mpaka ukieleze kwa dakika mbili

Usibebe somo refu. Beba haya.

Kansa ya shingo ya kizazi inatokana na kirusi kinachoitwa HPV. Aina mbili zake, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya kansa hizi. Watu wengi walioanza kukutana kimwili hukipata wakati fulani, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikibaki, kinaharibu shingo ya kizazi polepole: kwa kawaida miaka 15 hadi 20 mpaka kansa, na miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika. Katika miaka hiyo yote mama hasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana anaitwa akiwa mzima.

Kipimo cha siki ni hiki: nesi anaingiza spekulamu, anaweka pamba yenye siki hafifu, asilimia 3 hadi 5, kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama. Sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Jibu linatoka hapo hapo. Kama kituo chenu kimepata kipimo cha kirusi chenyewe, ni bora zaidi, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti laini. Hicho huwapendeza sana wenye haya.

Nani aitwe? Kwanza wenye miaka 30 hadi 49. Wenye VVU waanzie 25, kwa kuwa hatari yao ni mara 6 ya wengine. Wasichana wa miaka 20 usiwaite: kirusi chao kwa wingi kitaondoka chenyewe na utawatibu bila sababu. Kwa waliopita 50, siki haiaminiki sana kwa kuwa sehemu ya kutazamwa imerudi ndani, kwa hiyo muulize nesi njia nyingine.

Onyo la kwanza. Mwanamke anayetoka damu baada ya tendo, aliyeacha hedhi kisha damu ikarudi, au anayetoka uchafu wenye harufu usiokoma, huyo si wa kusubiri siku yako. Aende hospitali wiki hii. Kipimo cha siki ni cha wasio na dalili.

Onyo la pili. Kila ukitaja siki kuna atakayefikiri kujioshea ndani nyumbani. Sema wazi kwamba siki ya jikoni inaunguza na haitibu kitu.

## Hatua ya 3: Chagua siku kwa kalenda yao

Kalenda ya ofisi haijui mvua. Januari barabara za Kasungami na Kalebuka ni matope mpaka magotini na wewa (pikipiki ya kubeba watu) anataka bei mara mbili. Novemba na Desemba wengi wako mashambani. Septemba kila faranga inakwenda shule ya watoto. Mei hadi Agosti ndio muda mzuri, ila Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi ina baridi kali, na hakuna mama atakayependa kuvua nguo chumba cha saruji saa moja. Anza saa tatu, na nesi apashe kifaa kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kukitumia. Kadogo kama kalivyo, hako kanasimuliwa kartie nzima.

Saa waulize wao. Wauza mboga hutoka alfajiri na hupumua mchana, na wauza bunga (unga) ni tofauti.

Mama aliye katika hedhi hapimwi, kwa hiyo panga siku mbili zilizoachana wiki mbili. Wajawazito huandikwa na kungojewa mpaka watakapojifungua, nesi ndiye atakayewapa tarehe.

Mhudumu mmoja usimpangie zaidi ya kina mama 25 kwa siku. Akiharakishwa ataumiza, na aliyeumizwa hanyamazi.

## Hatua ya 4: Tafuta wa kubisha hodi

Hawa ndio watakaopita nyumba kwa nyumba kuwaalika kina mama. Usichague wenye sauti kubwa. Chagua wenye siri. Kila kartie ina mama ambaye wenzake humkimbilia wanapogombana na waume zao na hajawahi kutoa neno nje. Huyo ndiye. Utampata katika likelemba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), kwa akina mama Kipendano wa Kimetodisti, katika shirika la Wakatoliki, au kwenye meza za soko la Kenya, ile komini yetu ya Lubumbashi.

Sharti langu ni moja, na wengi hulipinga: kila mbisha hodi apimwe mwenyewe kwanza. Mama anayealikwa atauliza tu, "Na wewe ulipimwa?" Akijibu "bado", mazungumzo yamekwisha hata kama kahawa bado iko mezani.

Kila mmoja apewe parseli 10 hadi 15 za avenyu yake mwenyewe, si zaidi. Asiingie kwa mtu aliyegombana naye, hiyo mpe mwingine.

Matanga yaache. Najua kina mama wako wengi pale na wamekaa, lakini ukitaja kansa mbele ya maiti unaonekana unatabiri.

Utajua umefanikiwa wabisha hodi wakianza kukuletea maswali magumu badala ya majina tu.

## Hatua ya 5: Mazungumzo ya mlangoni

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa.

Usianze na kansa. Salimia, kaa, uliza watoto, uliza biashara. Kisha sema kwamba kituoni kuna siku ya kutazama kizazi cha kina mama waliopita miaka 30, wewe ulishaenda, na umekuja kumwalika yeye. Neno kansa litakuja baada ya hapo, taratibu, na lisifichwe.

Mama mmoja muuza makala, mkono wake bado mweusi, alimjibu mbisha hodi wetu hivi:

"Yaya, banasema kule banatosha kizazi." Yaani wanakitoa.

Angejibiwa "huo ni uongo" angefunga mdomo na mlango. Mbisha hodi alitoa spekulamu ya plastiki mfukoni, akamwekea mkononi.

"Shika, mama. Hiki ndicho kinaingia. Kinafungua hivi, nesi anatazama, anagusa na pamba, anangoja dakika moja, anakitoa. Kisu hakuna, sindano hakuna."

Mama akaifungua na kuifunga, akacheka. "Sasa haka kadogo ndiko kananiogopesha?" Kisha akauliza lililokuwa moyoni: "Na kama naonekana nayo?"

Swali hilo la pili ndilo la kweli. Karibu kila mwanamke analo, ila halitoki mpaka la kwanza lipate heshima. Jibu lako ndilo lile la hatua ya 1. Ukiwa nalo, liseme lote. Ukiwa huna, rudi nyumbani ukalitafute, maana kumpa mama moyo mtupu ni kumdanganya.

Mengine utakayoyasikia, na namna ya kuyachukua:

"Sina maumivu." Ndiyo maana unaalikwa sasa. Kinachoonekana leo kinatibiwa na kusahauliwa. Kikianza kuuma, njia inakuwa ndefu na ya gharama, wengine wetu huvuka Kasumbalesa kwenda kutafuta matibabu Zambia.

"Watasema mimi malaya." Mjibu kwa umri: wanaitwa wote waliopita 30, mke wa mchungaji na muuza samaki. Kisha uhakikishe mke wa mchungaji amekuja kweli.

"Muganga ni mwanaume?" Jua jibu mapema. Kama ni mwanaume, mwambie, na mwambie pia kwamba mama mwenzake atakuwa chumbani.

"Mungu ataniangalia." Usishindane na imani mlangoni kwa mtu. Acha kikaratasi, aga vizuri, rudi wiki ijayo ukiwa na mama wa kanisa lake.

Wenye VVU usiwaite kwa orodha yao peke yao, na mbisha hodi asijue ni nani. Nesi anayewapa dawa zao awaalike siku ya kuchukua dawa, na wakifika wakae benchi moja na wote.

Mwisho wa ziara, usiulize "utakuja?" Kila mtu atasema ndiyo kwa adabu. Uliza: "Nikupitie saa ngapi?" Akitaja saa, andika. Asipoitaja, bado hajakubali, na hapo ujue una ziara ya pili.

## Hatua ya 6: Waume

Wengi wako Kolwezi au Likasi machimboni, na utasikia: "Bwana eko Kolwezi, nitamuuliza." Huko si kukataa. Mpe yuniti ampigie ukiwa hapo, ikiwa yeye mwenyewe anataka. Waume wengi wanapozungumza na mtu mzima mwenye heshima husema "aende" kwa upesi wa kushangaza.

Swali linaloogopesha ni la "nani alileta kirusi". Jibu lile lile kwa wote wawili: Papa, kirusi hiki karibu kila mtu hukutana nacho, kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na hakuna kipimo kinachosema kiliingia lini wala kwa nani.

Kuna sababu nyingine ya kumweleza mume mapema. Mama akitibiwa kwa joto au baridi atatoka maji maji wiki kadhaa, na asikutane na mumewe kwa wiki 4 ili kidonda kipone. Mume asiyejua hili ataleta ugomvi, au atamlazimisha.

Mke akikuomba mumewe asijue, heshimu. Usiwe wewe wa kutoa siri.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mbisha hodi apitie watu wake kwa miguu na waje pamoja, watano au sita. Mama aliye peke yake hugeukia njiani, walio pamoja huoneana aibu kugeuka.

Benchi likae mbali na mlango wa chumba. Pazia lifunge mpaka chini. Asiyepima wala kusaidia asiingie, hata mgeni kutoka zoni ya afya mwenye kamera, na huyo hasa.

Kila anayetoka apite mahali pamoja kupata jibu, wenye alama na wasio nayo, na wote wakae muda unaolingana. Ukiwapeleka wenye alama chumba cha pembeni, benchi zima limeshasoma jibu.

Panga kwa kukisia kwamba mmoja katika kumi ataonekana na alama. Mtu mmoja mtulivu asiwe na kazi nyingine siku hiyo ila kukaa na hao, kuwaeleza kwamba alama si kansa, na kuandika wanakwenda wapi na lini.

Utajua umefanikiwa ukiona mama aliyemaliza anabaki benchini kuongea na wanaongoja. Mwache hapo, anafanya kazi yako kukuzidi.

## Hatua ya 8: Waliokosa, na walioambiwa waende mbele

Kesho yake fungua kaye. Waliotaja saa na hawakuja, warudie ndani ya wiki, bila lawama: "Tulikungoja, nini kilitokea?" Utasikia mtoto aliugua, hedhi ilikuja, fedha ya gari iliisha. Wape siku ya pili.

Walioambiwa waende hospitali usiwaache waende wenyewe. Wasindikize mara ya kwanza, mpaka wamkute yule mtu uliyemtafuta hatua ya 1. Jibu lolote lisitumwe kwa ujumbe wa simu: simu nyingi hapa ni za nyumba nzima, na mtoto ndiye anayemsomea mama ujumbe.

Kisha andika tarehe za kurudi. Aliyeonekana safi kwa siki anarudi baada ya miaka 3. Aliyetibiwa anarudi baada ya miezi 12, na huyo mwandike ukurasa wa nyuma kwa wino mwekundu pamoja na jina la avenyu, kwa sababu namba ya simu itakuwa imebadilika. Kaye isilale nyumbani kwako. Ikae kituoni, kabatini, ufunguo kwa nesi, ili ukihama kartie, atakayekurithi ajue aanzie kwa nani.